Ute na mwani vinarudi kwenye mifereji ya letusi hata baada ya kuosha kwa jiki: kosa liko wapi?

mizizi_majini

Wakuu, naomba mwongozo wa wenye uzoefu na haidroponiki, yaani kilimo cha kwenye maji bila udongo.

Mfumo ni wa mifereji kumi ya plastiki, kila mmoja mita 10, zao ni letusi tupu. Tangi ni moja la lita 1,000, limekaa ndani ya kitalu, na maji yanazunguka na kurudi tangini. Mavuno yakiisha tangi linamwagwa, linajazwa maji safi, inatiwa lita 1 ya jiki ya asilimia 3.5, pampu inazungusha saa nzima, maji yanamwagwa, kisha virutubisho na miche mipya. Siku hiyo mifereji inang'aa. Kufika wiki ya tatu, ukipitisha kidole ndani ya mfereji unakutana na ute, midomo ya vikombe imeota kijani, mizizi ya mimea iliyo mwisho wa mfereji ni ya kahawia, na vinzi vyeusi vidogo vimejaa juu ya tangi.

Niongeze jiki? Nihamie haidrojeni peroksaidi? Na je, sakafu na nyavu vina uhusiano wowote na hili, au shida ni ya maji peke yake?

---

Fundi Mtiririko

Hesabu kwanza, mkuu. Jiki ya asilimia 3.5 ina gramu 35 hivi za klorini kwa lita. Lita moja ndani ya lita 1,000 inakupa miligramu 35 kwa lita. Kwa kuua vijidudu kwenye mfumo mtupu lenga miligramu 500 kwa lita, kwa hiyo uko chini mara kumi na nne. Tena hizo 35 hazifiki zote kwenye vijidudu: klorini haichagui, inaungua kwa kitu chochote cha asili inachokutana nacho, yaani mabaki ya mizizi, mwani na ute wenyewe. Dakika chache tu na imekwisha. Saa nzima inayobaki pampu inazungusha maji ya kawaida.

Lakini hata ukifikisha 500, utaratibu ukibaki huo huo tatizo litarudi. Unaua vijidudu kabla ya kusafisha. Ute ule ni nyumba ambayo bakteria na kuvu wamejijengea, tabaka juu ya tabaka. Klorini inachoma tabaka la juu, la chini linabaki hai limeshikilia plastiki. Ukirudisha virutubisho, linaota upya kutoka pale pale. Dawa inafanya kazi juu ya kitu kilichokwisha kusuguliwa, si badala ya kusugua.

Mpangilio unaofaa ni huu:

1. Zima pampu, toa mimea, vikombe na kila kipande cha mizizi. Chomoa vifuniko vya ncha za mifereji. Pale kwenye kona ya kutokea maji ndipo mizizi iliyokatika hujikusanya, na watu wengi hawapagusi. Tangi usilimwage tu, kwangua na matope ya chini.

2. Suuza kwa maji yenye msukumo, ukianzia juu ya mteremko kushuka.

3. Osha kwa maji vuguvugu na sabuni isiyo na povu jingi, kwa brashi ndefu ya kupita ndani ya mfereji. Hapa ndipo kazi ilipo. Usitumie steelwire wala kitu chochote cha kukwaruza, kwa sababu kila mkwaruzo kwenye plastiki ni mfereji mdogo wa bakteria wa msimu ujao.

4. Suuza hadi povu liishe.

5. Kama kuna gamba jeupe la chokaa, pitisha asidi ya sitriki, gramu 100 hadi 200 kwa lita 10 za maji, liache nusu saa, kisha suuza vizuri sana. Ute hupenda kujishikiza kwenye gamba hilo kuliko kwenye plastiki laini.

6. Sasa ndipo dawa. Huhitaji kujaza tangi zima. Lita 200 zinatosha kuzunguka mifereji kumi, mradi pampu isinyonye hewa. Kwa miligramu 500 kwa lita unahitaji lita 2.9 hivi za jiki yako ya 3.5 kwenye lita 200. Zungusha dakika 30 hadi saa moja. Kuta za tangi ambazo maji hayazifikii, na upande wa ndani wa vifuniko, zipake kwa sponji lililolowa dawa hiyo hiyo na uzilowanishe tena zikianza kukauka. Kinachoua ni muda ambao uso umebaki umelowa.

7. Suuza mara mbili au tatu, kisha acha kila kitu kikauke wazi, siku nzima ikiwezekana. Ukavu ni dawa ya bure na watu wanauruka kwa sababu wana haraka ya kupanda.

Onyo moja ambalo siwezi kulisema kwa upole: hatua ya 5 na ya 6 zisikutane kamwe. Asidi ikichanganyika na jiki inatoa gesi ya klorini, na ndani ya kitalu kilichofungwa gesi hiyo inaweza kuua mtu. Vivyo hivyo jiki na kitu chenye amonia, ikiwemo mbolea ya amonia iliyobaki chini ya tangi. Fungua mapazia ya pembeni, vaa glavu na miwani, na ukimimina asidi, mimina asidi ndani ya maji, si maji ndani ya asidi.

---

chujio130

Naongezea kwenye klorini, maana kuna jambo linalowachanganya wengi: pH, yaani kiwango cha uasidi au ualkali wa maji. Klorini ndani ya maji iko katika sura mbili, na ile inayoua haraka ni asidi ya hipoklorasi. pH ikiwa 7.5, nusu hivi iko katika sura hiyo. Ikipanda hadi 8.5 inabaki takriban sehemu moja ya kumi. Jiki yenyewe ni ya kialkali, kwa hiyo ukiitia kwenye maji magumu unapandisha pH na kujipunguzia nguvu bila kujua. Kuna wanaoteremsha pH ya maji kabla ya kutia jiki. Mimi sishauri kwa mtu asiye na kipimo kizuri na mkono uliozoea, kwa sababu ukishuka chini ya 5 unaanza kutengeneza ile gesi aliyoitaja Fundi. Njia salama ni kuongeza muda: badala ya dakika 30, nenda saa nzima.

Jiki pia huchakaa. Chupa iliyokaa miezi juani au kwenye stoo yenye joto haina tena asilimia 3.5. Nunua mpya na uiweke gizani. Anayetumia klorini ya unga yenye asilimia 65 apime gramu 154 hivi kwa lita 200 ili apate 500 ile ile, aikoroge kwanza kwenye ndoo, aache mashapo yatulie, amimine maji ya juu peke yake, la sivyo mashapo yataziba matundu. Na asiiweke kabati moja na mbolea au mafuta. Klorini ya unga ikigusana na vitu hivyo inaweza kuwaka.

Kabla ya dawa yoyote chomoa vipimo vya pH na EC (kile cha kupima wingi wa chumvi za virutubisho). Kichwa cha kipimo cha pH hakipendi klorini, wala hakipendi kukaushwa. Kiweke kwenye maji yake ya kuhifadhia, yaani kloridi ya potasiamu ya moli 3 kwa lita. Maji yaliyochujwa chumvi yanakiharibu taratibu.

---

Bwana Kitalu

Hapo juu mmejibu namna ya kuosha. Mimi naona swali kubwa zaidi ni kwa nini ute unapata nafasi ya kukua kwa wiki tatu tu. Ukiosha vizuri namna gani, mfumo wenye mwanga, joto na maji yaliyotuama utachafuka tu.

Mwanga. Mwani unahitaji vitu vitatu: maji, virutubisho, mwanga. Viwili vya kwanza ndiyo biashara yako, kwa hiyo kinachobaki ni kuzima mwanga. Midomo ya vikombe kuota kijani maana yake tundu ni kubwa kuliko kikombe. Weka kikombe kinachokaa kikabana, au kata duara la plastiki nyeusi kwa ndani na nyeupe kwa nje likizunguke shina. Matundu yasiyo na mmea yazibwe siku hiyo hiyo ulipovuna, si mwisho wa wiki. Angalia na mpira wa kupandisha maji: kama unaona maji yakipita ndani yake, mwani nao unaona jua. Badilisha uweke mpira mweusi. Tangi nalo, kama ukiingia ndani na kufunika mfuniko unaona mwangaza kupitia ukutani, lipake nyeusi kisha nyeupe juu yake. Nyeusi inazuia mwanga, nyeupe inazuia joto.

Joto. Tangi limekaa ndani ya kitalu, na hilo silipendi hata kidogo. Maji ya nyuzi 20 yanaweza kubeba oksijeni miligramu 9.1 kwa lita, ya nyuzi 25 yanabeba 8.3, na ya nyuzi 30 yanabeba 7.6. Wakati huo huo mizizi yenye joto inapumua kwa kasi zaidi, na vijidudu vya ute pia vinapumua. Kwa hiyo mahitaji yanapanda huku akiba ikishuka, na Pythium, kijidudu kinachofanana na kuvu ambacho ndicho adui mkuu wa mizizi ya letusi, anapata mmea uliochoka ndani ya maji anayoyapenda. Maji ya letusi yaweke kati ya nyuzi 18 na 22. Toa tangi nje kwenye kivuli au lifukie ardhini mdomo ukibaki juu kidogo, ili maji ya mvua na udongo visiingie.

Mteremko. Mfereji wa mita 10 unahitaji kushuka sentimita 10 hadi 20 kutoka kichwa hadi mkia, na stendi zikaribiane vya kutosha mfereji usilegee katikati. Mfereji ukibinuka kidogo tu panatokea dimbwi, na kwenye dimbwi ndipo mizizi hukosa hewa. Mtiririko uwe lita 1 hadi 2 kwa dakika kwa kila mfereji. Pima kwa ndoo na saa kwenye mkia wa kila mmoja, usiangalie kwa jicho. Kwa maelezo yako mimea ya mwisho ndiyo inayoumia, na hilo ni kawaida: maji yanafika pale yakiwa yamekwisha kunyonywa oksijeni na mizizi yote ya juu.

Halafu, kahawia si lazima iwe ugonjwa. Shika mzizi mmoja uuvute kati ya vidole viwili. Kama ganda la nje linavuka na kubaki uzi mwembamba wa katikati, ni kuoza, na Pythium ndiye mshukiwa wa kwanza. Kama mzizi ni mgumu, haunuki, na ncha zake bado ni nyeupe, basi ni madoa tu ya chuma cha kwenye virutubisho au ya kokopiti (unga wa makumbi ya nazi) ya kitaluni mwa miche. Usitibu madoa.

---

Mama Miche

Kuhusu vinzi: tazama jinsi vinavyokaa kabla ya kuamua. Kuna aina mbili zinazochanganywa. Mmoja ni mwembamba, miguu mirefu, antena ndefu, anaruka kwa kuyumba kama mbu. Huyo anataga kwenye kokopiti yenye unyevu, na funza wake wana kichwa cheusi kinachong'aa na wanatafuna mizizi michanga. Mwingine ni mnene kidogo, antena fupi, mabawa yana madoa meupe, anaruka moja kwa moja na kutua juu ya mwani. Wanaokaa juu ya tangi lenye kijani karibu daima ni hawa wa pili. Wao hawali mmea, wanakula mwani, lakini wanabeba Pythium tumboni na miguuni na kuuacha kila wanapotua, na vinyesi vyao ni vile vidoa vyeusi kwenye majani ya letusi ambavyo mnunuzi anavikataa.

Kwa hiyo ndiyo, sakafu ina uhusiano. Wapi wanazaliana? Kwenye mwani wa sakafuni chini ya kiungo kinachovuja, kwenye mchanga uliolowa nyuma ya tangi, kwenye lundo la majani yaliyong'olewa na kuachwa kwenye kona. Ukiosha mifereji kila msimu na kuacha hayo, unawaondolea chakula tu, nyumba yao iko pale pale. Sakafu ifunikwe kitambaa cha kuzuia magugu au kokoto, iteremke kuelekea mtaro, na isiwe na sehemu inayobaki na maji saa chache baada ya kuosha. Mwani wa sakafuni usugue na uutie klorini ile ile ya 500, kisha kausha.

Tundika karatasi za njano zenye gundi usawa wa juu ya mimea, na moja au mbili zilale karibu na tangi. Hazimalizi wadudu, zinakuhesabia. Hesabu mara moja kwa wiki siku ile ile, andika, badilisha karatasi. Namba ikipanda wiki mbili mfululizo, tafuta palipolowa, usitafute dawa ya kupulizia.

Nje ya kitalu, mita 3 kuzunguka pasiwe na magugu. Vidukari na thiripsi hulelewa huko kabla ya kuingia ndani. Kuhusu nyavu, tundu la milimita 0.64 linazuia inzi wachimba majani, 0.34 linazuia vidukari, na thiripsi wanahitaji 0.19. Msikimbilie la mwisho bila kufikiri. Kadiri tundu linavyokuwa dogo hewa inapita kwa shida, joto na unyevu vinapanda, na unajikuta umebadilisha thiripsi kwa ukungu wa kijivu. Anayeweka wavu mzito lazima aongeze eneo la madirisha. Nyavu pia zioshwe kwa maji kutoka ndani kwenda nje, vumbi likiziba ni sawa na kufunga dirisha.

---

mizizi_majini

Asanteni sana. Nimevuta mizizi kama alivyosema Bwana Kitalu: ya mkiani inavuka ganda, ya juu ni migumu na ncha nyeupe. Mfuniko wa tangi nao una ufa.

Mazao yaliyomo yana wiki mbili kabla ya kuvunwa. Je, kuna ninachoweza kutia kwenye maji sasa hivi mimea ikiwa ndani? Peroksaidi? Na taa za UV zinafaa?

---

Fundi Mtiririko

Jiki usitie. Virutubisho vingi vina amonia kidogo, na klorini ikikutana nayo inakuwa kloramini, ambayo haiondoki haraka na inaunguza mizizi ya letusi. Utaongeza kahawia juu ya kahawia.

Peroksaidi wapo wanaoitia mimea ikiwemo, na hapa najua tutapishana. Naona haifai kwa hali yako. Maji yenye ute mwingi yanaivunja kuwa maji na oksijeni kabla haijafanya kazi ya maana, na kiasi kinachotosha kuumiza Pythium kiko karibu mno na kiasi kinachoumiza ncha za mizizi. Pia inaharibu kilichoshikilia chuma kwenye virutubisho, kwa hiyo siku chache baadaye majani machanga yanageuka manjano na watu wanadhani ni ugonjwa mpya.

Fanya haya badala yake: ng'oa mimea ya mkiani yenye mizizi inayovuka, iingize kwenye mfuko pale pale ilipo kabla ya kutembea nayo, toka nayo nje. Mwaga virutubisho vyote, kwangua tangi, jaza upya. Ziba ufa wa mfuniko. Weka pampu ya hewa au acha maji ya kurudi yaanguke tangini kutoka sentimita 30 hivi juu ili yachanganyike na hewa. Shusha joto. Hilo litakufikisha kwenye mavuno, baada ya hapo osha kwa mpangilio uliopewa.

---

chujio130

Kwenye peroksaidi nakubaliana nusu. Mimea ikiwemo, sawa, hapana. Mfumo ukiwa mtupu naipendelea kuliko jiki, kwa sababu haiachi chumvi wala harufu na inaingia kwenye ute vizuri zaidi. Lita 1 ya ile ya asilimia 35 ikiongezwa maji hadi lita 35 inatoa asilimia 1 hivi, zungusha nusu saa hadi saa nzima. Lakini ile ya 35 inachoma ngozi papo hapo na inaweza kuwasha nguo au mbao, kwa hiyo asiyekuwa na glavu ndefu na miwani abaki na jiki. Ile iliyochanganywa na asidi ya perasetiki ni kali zaidi dhidi ya ute. Fuata kipimo cha kwenye lebo, bidhaa hutofautiana sana. Na peroksaidi na jiki zisitumike pamoja, zinauana zenyewe.

UV: inafanya kazi, ila elewa mipaka yake. Kwa kuvu na bakteria unahitaji kama milijoule 100 kwa sentimita ya mraba, kwa virusi 250. Maji lazima yawe yamechujwa sana kabla, kwa sababu taa haioni nyuma ya uchafu. Kifuniko cha kioo cha taa kikipata gamba la chokaa taa inawaka bure, kwa hiyo kifutwe kwa asidi nyepesi mara kwa mara. Taa yenyewe hubadilishwa ikifikisha saa 8,000 hadi 9,000 hata kama bado inang'aa, maana bluu unayoiona si mwanga unaoua. Kama ilivyo kwa peroksaidi, UV inavunja kile kinachoshikilia chuma. Zaidi ya yote, inaua kilichomo ndani ya maji yanayopita mbele yake tu. Ute ulio mfereji namba saba hauguswi. Kwa tangi la lita 1,000 na tatizo la mfuniko wenye ufa, pesa ya UV ingenunua kivuli na mpira mweusi.

Mwenye nafasi na subira atazame kichujio cha mchanga cha mwendo wa polepole: lita 100 hadi 300 kwa saa kwa kila mita ya mraba, mchanga mwembamba. Kinachochuja zaidi ni tabaka hai linaloota juu ya mchanga, hivyo maji yenye klorini yasipitishwe humo kamwe.

---

nyanya_dripa

Naingia kwa upande wa wanaolima nyanya, pilipili hoho na matango kwa matone, maana uzi huu utasomwa na wao pia na mambo mawili yanatofautiana.

La kwanza ni dripa, yaani vile vitoa matone. Kuziba kwake kuna sababu mbili na dawa zake ni tofauti. Fungua dripa moja: ukikuta gamba gumu jeupe, ni chokaa au fosfeti, inahitaji asidi. Ukikuta ute wa kahawia, ni bakteria, inahitaji peroksaidi au klorini. Kwa gamba, mimea ikiwa imetolewa, jaza mabomba maji yaliyoteremshwa pH hadi karibu 2 kwa asidi ya fosforasi au ya nitriki, yaache saa kadhaa, fungua ncha za mabomba yote, suuza kwa msukumo. Kisha weka vikombe chini ya dripa 20 zilizotawanyika mwanzo, katikati na mwisho wa kitalu, endesha dakika tano, linganisha. Inayotoa pungufu sana ya wenzake ibadilishe, usibembeleze. Kichujio kiwe cha mikroni 130 au laini zaidi, kioshwe kila tofauti ya shinikizo kabla na baada yake inapoongezeka.

La pili ni virusi, na hapa usafi ni wa mikono na visu kuliko wa maji. Virusi vya mosaiki ya tumbaku na jamaa zake, pamoja na kile cha mikunjo ya kahawia ya tunda la nyanya kilichogunduliwa katika muongo uliopita, vinasafiri kwa kugusa: kisu, glavu, kamba, nguo, kreti. Vinabaki hai miezi mingi kwenye mabaki makavu. Watu wanafuta kisu kwa spiriti ya asilimia 70 na kujiona salama. Spiriti ni nzuri kwa bakteria na kuvu, kwa kundi hili la virusi haitegemeki. Tumia jiki iliyozimuliwa hadi asilimia 0.5, yaani ile ya 3.5 sehemu moja kwa maji sehemu sita, na uwe na visu viwili: kimoja kinaloweka, kingine kinakata, mnabadilishana kila mmea au kila mstari. Jiki inakula chuma, kwa hiyo suuza na upake mafuta jioni. Maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 200 kwa lita ya maji, yanafaa kwa mikono na visu wakati wa kupogoa. Protini yake inafunika virusi visishike kwenye kidonda cha mmea. Anayevuta tumbaku aoshe mikono kwa sabuni kabla ya kuingia na asiingie na sigara mfukoni.

Majani ya chini yakipogolewa yakatwe karibu na shina bila kuacha kisiki, asubuhi siku kavu ili kidonda kikauke kabla ya usiku. Kisiki kilichobaki ndicho kinachoingiza ukungu wa kijivu.

---

Mama Miche

Nimesahau mlangoni. Beseni la kukanyaga dawa lina maana tu kama kiatu kimepigwa brashi kwanza. Udongo unaua dawa, si dawa inayoua udongo. Kina cha sentimita 5, kifuniko cha kuzuia mvua na jua, na dawa ibadilishwe kila siku au mapema zaidi ikichafuka. Wanaotumia zile dawa za kuua vijidudu za amonia ya kwatenari (quats) wajue kwamba sabuni ya kawaida inaziharibu, kwa hiyo suuza sabuni yote kabla. Wala zisiingie kwenye mifereji, masalia yake yanadhuru mizizi.

Bora kuliko beseni ni viatu vya ndani visivyotoka nje kabisa.

Na mpangilio wa kutembea: anza na miche, kisha mimea michanga, kisha mikubwa, mwisho yenye ugonjwa, ukitoka kwenye yenye ugonjwa hurudi kwa miche siku hiyo. Letusi inaliwa mbichi, kwa hiyo anayeumwa tumbo asivune, na kreti za mavuno zisikae sakafuni hata dakika moja.

---

mizizi_majini

La mwisho, wakuu. Vikombe na trei za miche vinaweza kutumika tena? Na nitajuaje kwamba klorini imekwisha kabla ya kupanda?

---

Mama Miche

Vikombe vya plastiki ngumu ndiyo. Loweka kwenye maji ya sabuni usiku, mizizi iliyojisokota kwenye vijitundu italegea, piga brashi, suuza, kisha nusu saa kwenye dawa. Kikombe chenye mzizi uliong'ang'ania usibishane nacho, kitupe. Sponji za kuoteshea zitumike mara moja tu. Trei za povu jeupe sizishauri hata mara ya pili kwa sababu mizizi huchimba ndani yake na hakuna brashi inayofika huko. Perlaiti na pumisi zinaweza kurudiwa zikipata mvuke hadi nyuzi 70 au zaidi katikati ya lundo kwa dakika 30, pima kwa kipimajoto kirefu katikati na si pembeni. Mawe ya kutolea hewa ni rahisi, badilisha tu.

---

Fundi Mtiririko

Kwa klorini nunua vile vijikaratasi vya kupimia maji ya bwawa la kuogelea. Baada ya suuzo la mwisho jaza maji safi, zungusha dakika kumi, pima maji yanayotoka mkiani mwa mfereji, si yale ya tangini, kwa kuwa dawa hujificha kwenye viungo na kwenye mpira wa pampu. Karatasi isibadilike rangi. Ikibadilika, mwaga urudie. Maji ya bomba yenyewe yanaweza kuwa na klorini kidogo, kwa hiyo pima na hayo ujue yanaanzia wapi. Maji ya dawa uliyomwaga yasielekezwe kwenye mtaro unaoenda kwenye kijito au bwawa la samaki. Yaache kwenye pipa lililo wazi juani hadi karatasi isionyeshe kitu.